Jinsi ya Kushindwa Kesi Ukiwa na Funguo Mkononi

Mwongozo huu ni wa mwenye geti: msimamizi wa hospitali, meneja wa supamaketi, mwajiri wa msaidizi wa nyumbani, mkuu wa kituo cha polisi, na mwingine yeyote anayeweza kumwambia mtu mzima "hutoki hapa" na kweli asitoke. Unakuonyesha njia ya mkato ya kufika mbele ya jaji, kushindwa kesi na kulipa. Njia zote zilizomo zimekwisha kujaribiwa na wenzako. Nimeziandika kwa sababu bado zinatumika, na wengi wanaozitumia wanadhani ni taratibu za kawaida za ofisi. Sheria inaziita kumzuilia mtu kinyume cha sheria, na inazitoza.

Kwanza kabisa, usinunue kufuli. Halihitajiki. Watu wengi hudhani kufungwa ni lazima kuwe na seli, pingu na mlango wa chuma. Mahakama haiulizi hayo. Inauliza mambo mawili tu: je, mtu huyu alinyimwa kabisa uhuru wa kuondoka alipokuwa, na je, aliyemzuia alikuwa na mamlaka ya kisheria? Neno la mwenye mamlaka linatosha. Kumwambia mtu akae, huku akijua kwamba akiinuka atarudishwa, kunatosha. Muda nao si hoja. Dakika chache zinahesabika, ingawa fidia yake itakuwa ndogo kuliko ya wiki tatu. Na mlalamikaji hana haja ya kuonyesha jeraha wala hasara. Akishathibitisha kwamba alizuiliwa, mzigo unahamia kwako: ni wewe sasa utakayeeleza ni sheria ipi iliyokuruhusu.

Nilisimama kwenye geti la hospitali moja jijini Nairobi saa za kuwaona wagonjwa, nikamtazama soja akifanya kazi yake. Kila anayetoka na mtoto mchanga alitakiwa karatasi mbili, moja ya daktari na nyingine ya karani wa malipo, yenye muhuri. Mama mmoja alikuwa na ile ya kwanza tu. Alivaa leso mbili na malapa, mtoto kamfunga kwa shuka la samawati.

"Mama, rudi wodi," soja alimwambia. "Jina lako halijaletwa kutoka akaunti."

"Lakini daktari ameniandikia niende, kaka."

"Najua, mama. Rudi tu."

Hakumgusa, hakuinua rungu wala kupandisha sauti. Mama aligeuka akarudi alikotoka. Kisheria, kila kitu kilichohitajika kilitimia pale, na yule soja, ambaye nina hakika hakuwa na ubaya wowote na mama wa watu, ndiye angeitwa kutoa ushahidi.

Ukitaka kesi isiharibike, hakikisha umeziba njia zote. Jambo hili liliamuliwa mwaka 1845 huko Uingereza, katika kesi ya Bird na Jones. Palikuwa na mashindano ya mashua kwenye mto Thames, na sehemu ya njia ya waenda kwa miguu juu ya Daraja la Hammersmith ikazungushiwa uzio, wakawekewa viti watazamaji wanaolipa. Bwana Bird aliruka uzio akitaka kupita. Alizuiwa kwenda mbele, lakini aliambiwa anaweza kurudi alikotoka na kuvukia upande wa pili. Majaji wengi walisema hapo hakufungwa mtu; amezuiwa njia moja tu. Jaji mkuu wao, Lord Denman, alikataa kukubaliana nao, na hoja zake bado zinasomwa vyuoni. Hukumu za Kiingereza kama hii zilituingia pamoja na ukoloni. Sheria ya Kenya bado inataja tarehe 12 Agosti 1897, na ya Tanzania 22 Julai 1920, kuwa siku ambazo kanuni za Uingereza zilipokelewa. Kwa hiyo ukiacha mlango mmoja wazi, unaotokea salama, umejiokoa. Dirisha la ghorofa ya tatu si mlango.

Baada ya hapo, tafuta mtu mwenye deni. Hatua hii ndiyo ninayoichukia kuliko zote, na ndiyo iliyo rahisi kuliko zote, kwa sababu hospitali haihitaji hata kwenda kumtafuta. Analetwa akiwa na uchungu wa kuzaa. Anapasuliwa, anapona. Siku ya nne daktari anatazama kidonda na kuandika kwenye faili kwamba aende nyumbani. Anafika kwenye dirisha la malipo, anatajiwa kiasi, hana. Kuanzia saa hiyo si mgonjwa tena, ni rehani. Anahamishwa upande wa wodi wanakowekwa "walioruhusiwa", jina la ajabu kwa watu wasioruhusiwa popote. Kitanda chake anapewa mwingine. Lakini gharama ya kulala inaendelea kuandikwa, siku baada ya siku, hata kama analala sakafuni, na kila siku anayokaa ndani ni siku ambayo hauzi mboga, hafui nguo za watu, hachangishi. Deni linakua kwa sababu ya njia yenyewe ya kulidai.

Tarehe 17 Septemba 2015, Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu ya Kenya alitoa hukumu katika kesi ya wanawake wawili waliozuiliwa katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi, kwa kushindwa kulipa. Mmoja alikaa zaidi ya wiki tatu na mtoto wake mchanga, akilala sakafuni karibu na choo kilichokuwa kikifurika. Mahakama iliamua kwamba kuwazuilia kulivunja haki yao ya uhuru, utu wao na haki yao ya afya, na ikaamuru walipwe fidia: wa kwanza shilingi 1,500,000, wa pili shilingi 500,000. Chukua bili yoyote ya kujifungua katika hospitali ya umma uone kama inafika hapo. Jaji aliegemea pia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, ambao Kenya iliuridhia mwaka 1972, na ambao kifungu chake cha 11 kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza alichoahidi katika mkataba. Katiba ya 2010 inasema mikataba kama hiyo ni sehemu ya sheria ya Kenya. Hukumu ipo, inasomeka, na bado mageti yanafungwa.

Najua utakachosema, na si neno la kupuuzwa. Hospitali inadaiwa na wauza dawa. Wauguzi wanataka mishahara. Kuna wagonjwa wenye uwezo ambao wangepitia mlango wa nyuma usiku wa kwanza kama pasingekuwa na soja. Kweli. Lakini mwenye duka la vifaa vya ujenzi naye anadaiwa, na hatujampa ruhusa ya kumfungia fundi stoo mpaka shemeji yake alete pesa. Deni lina njia zake: mkataba wa kulipa kidogo kidogo, mdhamini mwenye anwani, bima, kamati ya msamaha kwa asiye na kitu. Likishindikana hilo, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Nairobi mwaka 2021, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na inayotakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 60. Hata huko, mwamuzi hatakupa mwili wa mdeni. Atakupa amri ya malipo.

Halafu kuna mtoto. Mama angalau alitia sahihi fomu ya kulazwa. Mtoto wa siku nne hakutia sahihi chochote, na naye hatoki. Mwaka 1834, tena Uingereza, mwalimu mwenye shule alikataa kumruhusu mvulana wa miaka kumi aende nyumbani kwa Krismasi na mama yake mpaka karo ilipwe. Alimzuia siku 17. Mahakama, katika kesi ya Herring na Boyle, ilisema mtoto hakufungwa kwa sababu hakujua kwamba anazuiliwa. Alidhani yuko shuleni tu. Ni hukumu mbaya, na sheria yenyewe imekuja kuiona hivyo. Mwaka 1919, katika kesi ya Meering, Jaji Atkin alisema mtu anaweza kufungwa akiwa amelala, amelewa au amezimia. Mwaka 1988 Baraza la Mabwana la Uingereza likakubali kwamba kutojua hakuondoi kosa, ila kunaweza kupunguza fidia. Kwa hiyo usitegemee kutojua kwa mwanafunzi anayedhani yuko shuleni tu, wala kwa mchanga aliyelala kwenye shuka la samawati.

Maiti sitaiweka katika mwongozo huu, maana aliyekufa hafungwi. Niseme tu kwamba Mahakama Kuu ya Mombasa ilikwisha kuamua mwaka 1998, katika kesi iliyoihusu hospitali moja ya mji huo, kwamba mwili wa marehemu si mali ya kushikiliwa kwa ajili ya deni. Familia zinazochangisha pesa kwa simu ili zizike zinapaswa kulijua hilo.

Sasa supamaketi. Hapa njia ya kushindwa ni kukosa subira. Sheria ya Kenya inamruhusu raia wa kawaida kumkamata mtu anayetenda, mbele ya macho yake, kosa ambalo mtu anaweza kukamatwa bila hati, au anayemshuku kwa sababu za msingi kwamba ametenda kosa kubwa. Lakini hilo la pili lina sharti ambalo walinzi wengi hawajawahi kusomewa: lazima kosa kubwa liwe limetendeka kweli. Polisi anaweza kukosea kwa nia njema akasamehewa. Wewe ukimkamata mteja kwa kushuku tu, na baadaye ikaonekana hapakuwa na wizi wowote, kushuku kwako hakukuokoi. Uingereza hili liliigharimu kampuni ya vitabu na magazeti ya W. H. Smith mwaka 1914, baada ya kumkamata mfanyakazi wake kwa wizi wa kitabu, kisha baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia. Alishinda kesi ya kufungwa isivyo halali.

Na hata ukiwa umemwona kwa macho yako akitia siagi kwenye mkoba, sheria inakutaka umkabidhi kwa polisi bila kuchelewa. Bila kuchelewa. Kumwingiza stoo nyuma ya magunia ya sukari, kumpekua, kumpiga picha ameshika ile siagi, kumwambia alipe mara kumi ndipo aende zake: kila moja ya hizo inakusogeza mbali na ulinzi wa sheria. Ulianza ukiwa mwenye haki, sasa ni wewe mshtakiwa. Ikumbukwe kwamba kumfungia mtu isivyo halali si madai tu; Kanuni ya Adhabu ya Kenya inalihesabu kuwa kosa la jinai linaloweza kukupa kifungo cha mwaka mmoja.

Mwajiri wa msaidizi wa nyumbani, usidhani nimekusahau. Unatoka asubuhi, unafunga grili kwa nje, funguo zote zinakwenda nawe kazini. Ndani kumebaki binti wa miaka 20 na mtoto wako. Ukiulizwa, unasema ni kwa usalama wao. Swali la sheria ni jepesi: funguo ya pili iko wapi? Ikiwa imetundikwa kwenye msumari jikoni na binti anajua, hakuna aliyefungwa. Ikiwa iko kwenye mkoba wako mjini, umemfunga mtu kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na jiko la gesi liko ndani pamoja nao. Dada zetu waliokwenda kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba wamesimulia hayo hayo, mlango umefungwa na pasipoti imefichwa na mwajiri. Tunalia nao, na ni haki tulie. Basi na grili ya Nairobi, ya Mombasa, ya Dar es Salaam, ifunguliwe.

Wakili wako anaweza kukupa moyo kwa kesi mbili kongwe. Moja ni ya gati la feri huko Sydney, iliyoamuliwa na Baraza la Faragha la London mwaka 1910: mtu alilipa peni yake kuingia gatini, akaghairi safari, akakataa kulipa peni nyingine ya kutokea, akazuiwa. Alishindwa kesi kwa sababu aliingia kwa masharti yaliyokuwapo. Nyingine, ya 1915, ni ya mchimba makaa aliyedai kupandishwa juu kabla ya zamu kwisha, mwajiri akamchelewesha. Naye alishindwa. Usizishike sana. Mchimbaji yule alijua zamu inakwisha lini, na abiria alidaiwa peni moja. Mwenye uchungu wa kuzaa hasomi masharti ya geti, na hakuna zamu inayokwisha. Kisha, juu ya kesi hizo zote, Kenya ina Katiba, na kifungu cha 29 kinasema mtu hatanyang'anywa uhuru wake kiholela au bila sababu ya haki.

Nimemweka polisi mwishoni kwa sababu yeye ndiye mwenye ruhusa ya kweli ya kufunga, na ndiye anayeipoteza kwa uzembe. Kamata Ijumaa jioni. Katiba inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini ikiwa saa hizo zinaishia wakati mahakama imefungwa, inaruhusu mpaka siku ya kazi inayofuata. Ruhusa hiyo iliwekwa kwa ajili ya kalenda, wewe ukaigeuza kuwa adhabu ya siku tatu. Usimwambie sababu ya kukamatwa, au mwambie kwa lugha asiyoielewa. Zote mbili zinavunja kifungu cha 49. Mweke rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini tu. Kifungu hicho hicho kinalikataza. Na hasa, kubali kumkamata mtu kwa ajili ya deni la rafiki yako, umwache aende akishatuma pesa kwa simu. Kituo kikigeuka kuwa ofisi ya dalali, kila usiku ambao mtu yule amelala kwenye saruji una bei, na anayelipa ni mlipa kodi.

Upande wa Tanzania kuna chombo chake. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48. Sheria hiyo inataka sababu ziandikwe, na mtu apelekwe mahakamani au aachiwe. Iliandikwa kwa ajili ya hatari kwa amani ya watu. Walimu, waganga, madiwani na waandishi wa habari wamewahi kulazwa mahabusu kwa amri hiyo, wengine baada ya jibu lisilompendeza kiongozi mkutanoni. Aliyechelewa kikao hajavunja amani ya mtu.

Hayo yanamtosha mwenye geti. Yaliyobaki ni ya aliye ndani.

Dada, kaka, mama: uliza kwa sauti, mbele ya mtu mwingine, "Je, niko huru kuondoka?" Swali hilo linamlazimisha aliyekuzuia achague. Akisema ndiyo, ondoka. Akisema hapana, muulize kwa sheria gani, na jina lake nani. Andika saa na tarehe, hata nyuma ya kadi ya kliniki. Piga picha karatasi ya daktari iliyokuruhusu na bili ya kila siku inayoongezwa baada ya hapo, maana hizo mbili zikiwekwa pamoja zinasimulia kesi nzima. Usitie sahihi maandishi yanayosema umeamua kubaki kwa hiari. Aliye nje aende kituo cha polisi, ataje kwamba kuna mtu amefungiwa mahali fulani, na asitoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo.

Kisha mahakama. Nduguyo au rafiki anaweza kuomba kwa niaba yako amri ya kukuleta mbele ya jaji, na Katiba ya Kenya, kifungu cha 25, imeiweka haki hiyo miongoni mwa zile chache zisizoweza kupunguzwa kwa sababu yoyote. Ukitaka fidia kwa kesi ya kawaida, una miaka mitatu, lakini dhidi ya Serikali ni miezi 12 tu, na wengi wamepoteza haki yao kwa kungoja wapate nguvu ya kuisimulia. Ukienda kwa njia ya Katiba, kifungu cha 22 kinasema hutatozwa ada ya kufungulia shauri, na kanuni zilizotolewa na Jaji Mkuu mwaka 2013 zinairuhusu mahakama kupokea malalamiko ya mdomo au ya barua isiyo na muundo wowote wa kisheria. Karatasi ya daftari inatosha: jina lako, jina la mahali ulipozuiliwa, tangu lini, na ni nani aliyesema hutoki.